Pango la Mawe, si Pango la Nyumba

Jumanne, Tanga, masika ya 1956.

Mvua imeanza tangu alfajiri na Ngamiani yote ni matope. Afadhali. Leo kila mtu ana matope miguuni, si mimi peke yangu.

Nimekata tamaa. Naandika hivyo mapema nisije nikazungukazunguka. Ijumaa baada ya swala natakiwa nyumbani kwa Maalim Rashidi, baba yake Zaina, nikatoe jibu: ama niache kazi yangu, ama nimwache binti yake.

Yote haya yameletwa na neno moja. Mjomba Kombo alipokwenda kuniposea aliulizwa kijana anafanya kazi gani. Akajibu, "Yuko serikalini, kazi ya pango." Maalim akafurahi. Alidhani nazunguka mjini kukusanya pango la nyumba, kofia kichwani na kalamu mfukoni. Mjomba aliliona kosa palepale, akanywa kahawa yake akanyamaza. Juzi nilipomuuliza kwa nini, akanijibu, "We n'shukuru tu. Ningesema unalala na popo mashimoni, hiyo kahawa tungeipata?"

Mcheshi sana mjomba wangu. Sikucheka.

Maalim aliujua ukweli wiki iliyopita, aliponikuta njia ya Amboni nasukuma baiskeli, nimejaa mavi ya popo mpaka kwenye nywele. Nilimwamkia shikamoo. Aliitikia marahaba, kisha akaniuliza nimeanguka wapi. Nami, kwa furaha kabisa, nikamweleza kwamba natoka kazini. Kwamba namsaidia yule Bwana wa miamba anayekaa Raskazone, na kwamba tunachunguza mapango yalivyochimbika. Uso ukambadilika. Kule mapangoni watu huenda kutambika, na yeye maisha yake yote amefundisha kwenye chuo chake cha Kurani kwamba aendaye kule amewaendea mashetani. Jioni ile akamwita mjomba. Binti yake hamwozi mtu wa mizimuni. Ila ofisi ya mji inatafuta karani wa pango, na mkubwa wa pale anamjua. Nikiikubali kazi hiyo, harusi iko palepale.

Yaani sasa niwe yule mtu aliyemdhania.

Ningekuwa naichukia kazi hii ningekwisha kubali. Lakini naipenda, naipenda mno. Kwenye kuta za pango kuna makombe ya chaza yaliyoganda ndani ya jiwe, kwa sababu zamani pale palikuwa chini ya bahari. Juu zaidi, ambako mkono haufiki, imechorwa mistari ya maji. Mto uliwahi kupita kule juu, ukalila jiwe la chokaa kidogo kidogo, ukashuka mpaka ulipo leo. Siku nilipoifahamu mistari ile niliketi chini. Nilikuwa nikidhani nchi iliumbwa ikaachwa hivyo hivyo. Kumbe ingali inaumbwa, na mimi nimesimama ndani yake na taa yangu. Bwana amesema mwakani atanipeleka ng'ambo nikaisomee elimu ya miamba, nirudi mjuzi kamili, si mshika kamba. Nani mwingine ataniambia maneno hayo?

Zaina naye ameniletea salamu kwa mkono wa dada yangu. Amesema nikiiacha kazi nisimtaje yeye kuwa sababu, hataki kuja kulaumiwa uzeeni. Nimezigeuza salamu hizo kila upande, na kila upande zinanifanya nimtake zaidi.

Leo nilikwenda kuaga mapango, maana asubuhi nilikuwa karibu kuukubali ukarani. Bwana anaumwa homa, nikaenda peke yangu. Nilipofika kile chumba cha ndani nikanusa ubani. Nikainua karabai, mwanga ukamwangukia mwanamke aliyepiga magoti mbele ya chetezo. Nilimtambua kabla hajavuta buibui lake.

Mama yake Zaina.

Mkwe hatazamwi usoni. Nimelelewa hivyo, na tangu nipose, tukikutana njiani mimi huiacha njia nikapita pembeni. Mle ndani hakuna pembeni. Nikafanya la pekee lililonijia: nikaizima karabai.

Giza la pangoni hata mkono wako huuoni. Yakasikika matone yakidondoka. Kisha akasema kwa sauti ya chini, "Zaina n'limwombea hapa hapa. N'likuwa sipati mtoto. Leo n'mekuja tena, huyo babaake alainike moyo." Akavuta pumzi. "Babaangu, hukuniona."

"Sikukuona, mama," nikasema.

Nikamsikia akiondoka huku akipapasa ukuta, kuelekea kwenye mwanga wa mlangoni. Mimi nilibaki gizani, nikijiogopa.

Kwa maana sasa ninalo neno la kummaliza Maalim. Ijumaa naweza kumwambia mbele ya watu: binti unayemkataza kuolewa na mtu wa mizimuni aliombewa mizimuni, na mkeo alikuwako Jumanne. Atanyamaza, na huenda nikampata Zaina siku ileile. Na yule mama atarudishwa kwao, uzee huu. Nimelifikiria njia nzima, kutoka Amboni mpaka mlangoni kwangu. Nimelia pia, na mvua imenisitiri.

Siwezi kulisema. Na ukarani siuwezi pia. Nimejaribu kujiona nikibisha hodi nyumba hadi nyumba nikidai pango, huku mistari ile ya maji iko kule juu na hakuna wa kuisoma. Nitaikataa kazi hiyo. Najua maana yake. Najua nani ataozwa mtu mwingine.

Ijumaa nitavaa kanzu yangu nyeupe, nikae mkekani mbele ya Maalim, na mama yule atakuwa nyuma ya pazia akisikiliza, roho mkononi. Nitaeleza kazi yangu, safari hii mwenyewe, kwa neno lisilo na utata. Nitamweleza makombe na mto. Bila shaka Maalim ataniuliza ni washirikina gani wa mji huu ninaokutana nao kule.

Nitamjibu, mle ndani kuna giza, Maalim. Sijamwona mtu.