Kahsay, Maana Yake Fidia

Jumapili, Columbia Heights. Baridi ya leo haina adabu. Niko ndani na bado nimevaa soksi mbili mbili.

Nyumba kimya. Mume wangu yuko safarini na lori lake, sijui Texas, sijui wapi. Asubuhi mama amepiga simu kutoka Morogoro, na wimbo ni uleule: huyu niliye na mimba yake, akiwa wa kiume, apewe jina la Baraka. "Mrudishe mwanao," anasema. Baraka ni mtoto wangu wa kwanza. Tulimzika mwaka juzi, hajaanza hata kukaa.

Nikasingizia mtandao.

Mchana upweke ukanishinda, nikashuka kwa jirani yangu Mweritrea, Adey Letay. Adey kwa lugha yao ni mama. Jengo zima tunamwita hivyo. Alikaa Nairobi miaka mingi, kwa hiyo Kiswahili tunaelewana. Nilimkuta anakaanga buni, akaniletea kikaango puani ninuse moshi, maana kwao mgeni huanzia hapo. Mwanawe Kahsay, mtu mzima sasa, anaishi Savage, mji usio mbali na hapa. Katika kupiga soga nikauliza jina hilo lina maana gani.

"Fidia yangu," akasema. "Kwetu unaita hivyo mtoto mwenye amekuja baada ya mwingine kuenda. Mbele yake nilikuwa na msichana, Luwam."

Nikamuuliza kama fidia ilitosha. Sijui nilipata wapi ujasiri.

"Wee! Itatosha aje? Kahsay ni Kahsay, Luwam ni Luwam. Nikiita huyu, yule pia nakumbuka."

Nikalia kama mjinga.

"Wako aliitwa nani?" akauliza.

"Baraka."

"Baraka," akarudia taratibu, kisha akanimiminia kahawa. Hakuniambia kazi ya Mungu haina makosa. Hakubadilisha mazungumzo. Tangu tumzike, hakuna mtu wa huku aliyelitaja jina lile mbele yangu. Hata baba yake hulikwepa.

Sasa nimekaa kitandani na ninajiuliza: nikimpa huyu wa tumboni jina hilo, siku nikitaka kumwita yule wa kwanza nitamwitaje?

Kesho nitampigia mama nimwambie hapana. Atanuna. Anune. Huyu tutamtafutia lake. Baraka lina mwenyewe.