Santuri za Marehemu Mumeo

Mjukuu wangu, mke mwenzangu mdogo,

Anayeandika ni jirani yangu, fundi cherehani, maana mimi kalamu sikufundishwa. Mvua zimepungua, goti bado linanisumbua.

Ulinitumia santuri za marehemu mumeo pamoja na mashine yake, ukasema, "Bibi, tupa zote, siwezi kuzisikia tena." Nimezisikiliza mimi. Yule mpiga tarumbeta, kwa anavyolia, amegombana na mkewe, na kosa ni lake. Albamu ya magitaa ya umeme ni fujo tupu, lakini nimeirudia mara tatu. Ya kwaya iliniliza nikichambua mchele. Ya rumba ilimtoa fundi kwenye cherehani, tukacheza kama wehu.

Sasa nisikilize. Babu yako alipofariki, niligawa nguo zake zote wiki ileile, nikidhani nitapumua. Leo naitafuta harufu ya shati lake, hata kuikumbuka siwezi. Kwa hiyo situpi kitu, upende usipende. Zipo chini ya kitanda changu. Siku utakayoweza, njoo uchague moja. Ukilia, lia. Nitakuwa nimekushika.

Ni mimi bibi yako, mkaidi.