Kopo Langu na Sinia la Mama Mdogo

Jumatatu, 6 Februari 1995

Nimepiga vyuma mpaka karibu na adhana. Kifua, mabega, mabega tena. Vyuma vyenyewe ni bomba la maji na makopo ya rangi yaliyojazwa zege, lakini uzito ni uzito. Kinywa kikavu kama maranda. Saumu na vyuma havipatani, ila mie nimeamua.

Leo nimeanza unga wa misuli. Sule, mwenye uwanja wa vyuma hapa Keko, ndiye anayeuleta kutoka Dubai. Mweupe, unanukia vanila, na kwenye kopo kuna picha ya mtu ana mapaja kama magogo. Unachanganya na maji, unatikisa, unakunywa. Redio yangu ya kaseti ndiyo imekwenda kwa makopo mawili. Sijutii. Wiki moja baada ya Iddi kuna mashindano ya kutunisha misuli kwenye hoteli moja Mbezi Beach, na nataka kupanda jukwaani na kifua cha kuonekana, si kifua cha fundi makabati.

Masharti ya Sule: hakuna mihogo, hakuna nazi, hakuna kunde. Chakula cha nyumbani kinalegeza misuli, anasema.

Magharibi mama mdogo katoa sinia barazani. Mihogo ya nazi na samaki changu. Ni mke wa baba, kamuoa mwaka juzi baada ya mama kufariki. Mtu wa Kimbiji, mpole, na mapishi yake mtaa mzima unayajua. Wanaume wa nyumba za jirani wote wanafuturu kwenye mkeka wetu, kila nyumba na sinia lake. Nimechukua tende kwenye sahani ya jirani, nikaingia chumbani na kopo langu. Harufu ya nazi ikanifuata humo humo. Nimevumilia. Najipongeza.

Alhamisi, 9 Februari

Mama mdogo ananihangaikia mpaka anaudhi. Jana kaniwekea kunde bila nazi, kazifunika kwa kawa. "Kula hata kidogo, baba." Nikasema nimeshiba. Leo kaweka papa na mihogo ya kuchemsha.

Sikutaka kurudisha bakuli limejaa, ataumia. Nimetoka nalo uani nikampa paka wa Mama Chausiku, jirani yetu. Nikasimama pale mpaka paka amalize. Mama Chausiku alikuwa anaanua nguo. Nikamwamkia, hakuitika. Kaniangalia mie, kamwangalia paka, kaingia ndani na nguo nusu zikiwa bado kambani.

Wanawake wa mtaa huu wana mambo.

Jumapili, 12 Februari

Tumbo. Sina la kuandika zaidi ya tumbo. Linaunguruma, linajaa, halafu mbio chooni. Sule anasema mwili unajisafisha, unatoa mihogo ya miaka yote. Niongeze kijiko.

Nimeongeza.

Jumatatu, 13 Februari

Karakana tunamalizia dresing tebo ya bibi harusi mmoja wa Temeke. Nimejitazama kwenye kioo chake. Mashavu yameingia ndani. Nimejiambia ndiyo mafuta yanakatika. Randa imenitoka mkononi mara mbili, na fundi mwenzangu kaniuliza kama naumwa.

Lakini watu wanaona kitu. Jioni Mzee Kondo, jirani wa upande wa pili, kanishika mkono kwa muda mrefu. "Jikaze, mwanangu. Mungu yupo." Nilidhani ananitia moyo kwa mashindano. Nikamwambia inshallah, nitawashinda wote. Mzee kanitazama kwa huruma kweli.

Alhamisi, 16 Februari

Sinia letu limerudi ndani karibu limejaa. Hakuna jirani aliyemega. Masinia mengine yamekwisha, letu kala baba peke yake upande wake kama mgeni kwenye mkeka wake mwenyewe. Mama mdogo kalipokea mlangoni. Kaonja mchuzi kwa ncha ya kidole, kana kwamba labda chumvi ilizidi.

Chumvi haikuzidi. Nimeuliza kuna nini, naambiwa nikapumzike.

Mie nimekwenda chooni.

Ijumaa, 17 Februari

Sasa najua. Natamani nisingejua.

Shangazi Tatu, dada yake baba, kaja kutoka Temeke na mkoba wa nguo. Kaniingiza chumbani, kafunga mlango. "Hamisi, niambie mie shangazi yako. Amekulisha nini huyu mwanamke?"

Nikacheka. Hakucheka. Mtaa mzima unajua, anasema: mtoto wa marehemu hagusi chakula cha mke wa baba. Anakula tende za majirani, anakimbilia ndani. Chakula anakijaribu kwa paka kwanza, na Mama Chausiku kaona kwa macho yake. Na bado anakonda, maana yake alishalishwa kabla hajashtuka. Ndiyo maana sinia halimegwi. Nani atataka kula sumu ya mwenzake?

Nikamwonyesha kopo. Nikamweleza Sule, mashindano, tumbo, kila kitu. Kalishika, kaligeuza, kanusa. "Maziwa ya Ulaya haya. Yamekula redio nzima. Haya ndiyo yakukondeshe?" Nikaapa. Akasema aliyelishwa huwa haoni.

Nina hasira. Kwao kitu cha bei hakiwezi kumdhuru mtu. Mihogo ndiyo inaweza, kwa sababu imepikwa na mke wa pili.

Na mie je? Mie ndiye niliyemwekea paka bakuli.

Jumamosi, 18 Februari

Shangazi kashika jiko. Mama mdogo kaambiwa apumzike. Kakaa uani siku nzima anachambua mchele usio na mawe.

Nimekwenda kwa baba. Nimemwambia yote, tumbo na choo na kijiko nilichoongeza. Kasikiliza. Halafu kauliza kitu kimoja tu.

"Paka ulimpa?"

Nikasema nilimpa.

Akakohoa, kikohozi chake kile kisichokwisha. Halafu akasema, "Mimi mke wangu namjua. Lakini siwezi kuishi barazani kwangu na watu wasiokula kwangu." Anataka mama mdogo aende Kimbiji kwa kaka yake mpaka mambo yatulie. Ataondoka Alhamisi. Kwa hesabu za mtaa huu mambo hayatulii, yanasahaulika, na mtu husahaulika pamoja nayo.

Namchukia Mama Chausiku. Namchukia Sule. Baba namwonea aibu.

Jumatatu, 20 Februari

Nimekwenda kwa Sule nikitaka aje aseme mwenyewe mbele ya watu. Nimemkuta anafuturu na mkewe na watoto. Sinia moja. Ugali wa dona, kunde za nazi, dagaa, mayai ya kuchemsha, na mihogo pembeni! Ana mkono wa chuma yule bwana, na mkono huo huo unachota kunde.

Nikamuuliza unga wake uko wapi. Kacheka mpaka kapaliwa. "Mie? Aa, tumbo langu halipatani nao, braza. Ule ni wa wateja." Kanikaribisha nile.

Kuja nyumbani kwetu hataki. Ishu za uchawi yeye hazimhusu, zitamharibia biashara.

Nimetoka bila kuaga. Hata kumpiga siwezi, nimekonda.

Jumanne, 21 Februari

Leo nimemwomba mama mdogo apike. Kakataa. "Nikipika mie, atakula nani?" Nikasema mie. Kanitazama, kisha kasimama. Shangazi kabwata jiko zima, mama mdogo kapita kama hamsikii.

Mihogo ya nazi, kunde, papa. Nimelibeba sinia mwenyewe mpaka barazani, nimelitua katikati ya mkeka, nimekula mbele ya wote. Nimekula kwa fujo, kwa mikono miwili karibu, ili aliye mbali naye aone. Utamu wake! Nilikuwa nimeusahau. Nikasema kwa sauti: ugonjwa wangu ni unga wa kopo, chakula cha mama hiki hapa, nani anaogopa?

Mzee Kondo kanyoosha mkono, kidogo aguse, mkono ukarudi kwenye kanzu.

Kisha Shangazi Tatu kasema kutoka dirishani, wala si kwa ugomvi, kwa masikitiko hasa: "Mnaona? Alikuwa hataki hata kukisikia. Leo anakililia. Limbwata limeshika."

Watu wakaguna, Laa ilaha illa llah. Nisipokula, nimelishwa. Nikila, nimelishwa. Nimekaa pale na tonge mkononi, sijui niliweke wapi.

Alhamisi, 23 Februari

Kaondoka asubuhi. Sanduku moja na kawa lake. Baba kamsindikiza mpaka kivukoni, kwenye pantoni. Mie nilitaka kubeba sanduku, kasema acha, baba, watasema nimekupumbaza hata kwa hilo.

Hakulia. Ningeona heri alie.

Jumanne, 28 Februari

Unga nimeuacha tangu siku ile kwa Sule. Daku nakula uji wa dona na karanga. Futari ni maharage, dagaa, mayai ya kuku wa shangazi, ndizi. Tumbo limetulia. Nimelala vizuri. Jana nimenyanyua lile bomba lenye makopo manne ambalo mwezi mzima lilinishinda, na nimelinyanyua kwa ugali. Mashavu yamerudi.

Na hilo ndilo limemmaliza mama mdogo.

"Kanawiri," wanasema barazani. "Tangu yule mwanamke aondoke, angalia kijana alivyonawiri." Mzee Kondo kanipapasa bega kama ng'ombe wa kununua. Mama Chausiku sasa ananisalimia wa kwanza. Shangazi ananipitisha mbele ya wageni wake: simama, Hamisi, wakuone. Kila tonge ninalokula linakuwa ushahidi dhidi yake. Nimewapigia kelele kwamba ni dona, ni maharage, ni chakula kile kile alichokuwa akinibembeleza nile. Wanaitikia kwa upole, kama mtu anavyomwitikia mgonjwa aliyepona juzi.

Nilitaka kunywa kopo la pili mbele yao, nikonde tena wajionee. Shangazi kaliweka kabatini kwake na ufunguo kaufunga kwenye pindo la kanga. Unga anautia kwenye chai yake. Kitu cha bei mbaya hakimwagwi, anasema. Tumbo lake halina neno.

Ijumaa, 3 Machi

Iddi. Pilau ya shangazi. Watu wamejaa, masinia yote yamekwisha. Baba kavaa kanzu mpya, kapokea wageni, kacheka pale panapotakiwa kucheka.

Baadaye nimemkuta uani, amekaa kwenye kibao cha mbuzi cha mama mdogo, kile cha kukunia nazi. Nikapita kama sijaona.

Jumamosi, 11 Machi

Leo ndiyo siku ya mashindano. Mwili upo tayari. Sule kamtuma mtu mara mbili kuniambia kwamba gari la wachezaji litapita Keko.

Nimepanda pantoni asubuhi, halafu lori mpaka Kimbiji. Barabara mbovu, nimefika nimejaa vumbi. Mama mdogo alikuwa uani kwa kaka yake, anamenya mihogo. Nikamwamkia. "Marahaba, baba." Kanitazama toka juu mpaka chini. "Umenenepa."

Hakuna zaidi. Heri angenitukana.

Nikamwambia nimekuja kumchukua. Akasema, si kwa hasira, kwamba mke huchukuliwa na aliyemuoa. Nikamwambia baba ana hali mbaya moyoni. Akaendelea kumenya.

Mchana kapika. Mihogo, kunde, samaki wa kuchoma. Tumekaa mkekani mie, kaka yake na wanawe. Kamnawisha kila mtu. Nilikuwa na njaa ya safari, lakini kabla sijanyoosha mkono mama mdogo kapiga goti karibu yangu, kamega upande wangu, kala. Kameza. Kakaa kidogo, akitutazama wote, kisha kachukua maji kanywa.

"Bismillahi, baba. Sasa kula."

Kaka yake kainamisha kichwa. Haikuwa kejeli. Ndivyo atakavyonipakulia siku zote, hata akirudi.

Nimekula upande wangu wote. Sikuweza kumtazama. Alipokuja kuondoa sinia akaniuliza kama baba bado anakohoa. Nikasema, kidogo.