Bawaba mpya za Mama Deo

Jumanne, Chanji

Nani kasema sijui kazi? Nyumba ya Mama Deo ni ya enzi za mkoloni, bawaba za banda la gari zimeliwa na kutu. Nikafunga mpya, za kutoka Tunduma. Ila mimi, kwa ujuaji, nikageuza mlango ufungukie ndani.

Gari halimo. Siku hizi mama anauza mahindi, magunia yamefika darini. Nikaubamiza mlango kwa madaha, aone. Magunia yakaporomoka ndani, nyuma ya mlango. Haufunguki!

Nikamwamkia mara ya pili. "Shikamoo, mama."

"Marahaba. Lori linakuja asubuhi, fundi. Utaingilia wapi, tundu la ufunguo?"

Dirisha lina nondo. Lori likiondoka tupu, Chanji nzima hakuna atakayenipa kazi tena. Naogopa, sifichi.

Lakini nilipobamiza mlango, zile bawaba hazikulia kwii hata kidogo.