Kurasa Mbili Nilizoziruka

Jumanne, 3 Agosti 1999

Kurasa tano leo. Kazi ni ileile: nasoma Kifaransa kimyakimya, natamka Kiswahili kwa sauti, Bi Zuhura anakinyoosha, kisha naandika safi. Yeye hajui Kifaransa. Ananiamini. Chumba chake kiko juu ya duka la vitambaa la mwanawe, Grey Street, na kutwa nzima husikika mkasi ukikata huko chini.

Anataka kitabu kidogo cha falsafa ya Waislamu wa kale, kwa ajili ya wasichana wa Tanga aliowafundisha yeye mwenyewe alipokuwa hajaolewa huku. Anasema wanajua kusoma ila wamenyimwa cha kusoma. Leo tumefika kwa tabibu wa Bukhara. Alifundisha kwamba dhati ya kitu ni jambo moja na kuwako kwake ni jambo jingine. Unaweza kujua farasi ni nini, usijue kama yuko hata farasi mmoja duniani. Mbegu aliipata kwa Myunani ambaye Waarabu walimwita Mwalimu wa Kwanza. Huyo ndiye aliyetenganisha swali la "ni nini?" na swali la "je, kiko?" Bi Zuhura alifurahi mno. Mimi niliinamia karatasi.

Kwa sababu Espérance ana dhati kamili. Diploma ya falsafa kutoka Lubumbashi. Tarehe ya kuzaliwa. Kibali cha mkimbizi chenye muhuri. Asichokuwa nacho ni kuwako. Ni dada yangu, alikufa kwa malaria Tete, tukiwa njiani kukimbia vita, Novemba iliyopita. Mimi ni Furaha. Nilisoma mwaka mmoja tu wa chuo, vita vikaja. Mimi niko, lakini hakuna karatasi hata moja inayosema hivyo. Nilipofika dirishani kwa afisa wa wakimbizi nilitoa karatasi zake. Tulifanana.

Bi Zuhura alinipa kazi kwa diploma ile. Akiniita "Esperansi" nachelewa kidogo kuitika. Kila mara. Siku moja atagundua kwamba nachelewa.

Ijumaa, 6 Agosti

Baghdad. Sikujua kwamba wafasiri wengi wa kule walikuwa Wakristo kama mimi. Kutoka Kiyunani kwenda Kisiria, kutoka Kisiria kwenda Kiarabu, na khalifa ndiye mwenye shughuli. Bi Zuhura alicheka hadi akashika mbavu.

"Ndiyo hivi, mwanangu! Kiu yetu, mikono yenu. Toka enzi hizo!"

Nilicheka pia. Kwa dakika chache nilijiona mtu mwenye ukoo.

Kisha nikafungua ukurasa wa 62. Kulikuwa na kitabu kuhusu Mungu na roho. Kilitafsiriwa Baghdad kikiwa na jina la Mwalimu wa Kwanza. Hakikuwa chake. Kilichotwa katika maandishi ya Myunani mwingine, aliyeishi karibu miaka mia sita baada yake. Hakuna aliyejua. Wanafalsafa wakubwa walijenga juu yake. Yule waliyemwita Mwalimu wa Pili alikitumia kuonyesha kwamba Mwalimu wa Kwanza hakupingana na mwalimu wake mwenyewe. Karne kwa karne, maneno ya mtu mmoja chini ya jina la mwingine.

Nilisoma kwa macho. Mdomo ulikataa.

"Mbona kimya?"

Nikasema kurasa hizi mbili zinarudia yaliyopita, tuziruke. Akasema haya. Tukaziruka.

Uongo wa jina niliuacha mlangoni kila nilipoingia mle chumbani. Huu nimeuweka mezani, kati ya karatasi.

Jumatatu, 9 Agosti

Sikukuu. Nimeshinda saluni kwa Mama Solange, Albert Park. Ndiye aliyenipa kona ya sebule yake, nyuma ya pazia. Namshikia nywele za bandia anaposuka.

"Espérance, iko mutu wa kwenu amefika! Professeur wa philosophie, wa Lubumbashi kabisa. Papa Ngoie. Anauzisha téléphone pale kwa park. Kichwa kubwa, meza kadogo!"

Wanawake wakacheka. Mimi nikaangusha kitana.

"Uko na nini? Alikuomba ndoa ukamukatala?"

Wakacheka zaidi. Nami nikacheka, nimechelewa. Espérance alisoma pale miaka minne. Darasa zima lilikuwa na wasichana watatu. Mwalimu hawasahau wasichana watatu.

Alhamisi, 12 Agosti

Bi Zuhura amekwisha kumpata huyo Papa Ngoie. Alipita dukani kutafuta kitambaa cha suruali, mwanawe akamsikia akisema Kiswahili, wakaongea, akapandishwa juu kunywa chai. Ametoka na kitabu cha Kifaransa na karatasi zetu zote. Atalinganisha neno kwa neno. Atarudi Jumamosi ya tarehe 21.

"Nimemwambia nina mwanafunzi wake hapa. Jina nimemficha! Nataka nimwone uso atakapokuona."

Alikuwa anapiga makofi kama mtoto. Nilisema alhamdulillahi. Mimi Mkatoliki. Ndilo neno lililonijia.

Jumamosi, 14 Agosti

Nimekwenda kumtazama. Nilisimama upande wa pili wa robot, zile taa za barabarani, nyuma ya watu waliongoja kuvuka. Mtu mfupi, koti la kijivu, meza moja, simu mbili za kulipia. Mteja anaongea, yeye anasoma. Karatasi zangu. Niliujua mwandiko wangu kutoka ng'ambo ya barabara, au nilidhani niliujua. Akainua macho. Nikakimbia.

Naweza kwenda Pinetown. Binamu ya Mama Solange anashona mashati katika kiwanda huko. Lakini kibali kinaisha tarehe 6 Septemba na lazima nikifanye upya hapa. Popote niendapo, Espérance anatangulia kuandikishwa.

Nafahamu litakavyokwenda. Papa Ngoie atasema, huyu siye. Bi Zuhura atamwambia mwanawe. Mwanawe ni mtu wa kufuata sheria, hata risiti ya uzi anaitunza. Polisi watakuja na gari lao jeupe. Nitaulizwa mimi ni nani na sitakuwa na kitu cha kuwaonyesha. Halafu mpaka. Halafu Bukavu, na wale waliochoma nyumba yetu bado wako kwenye barabara ileile.

Naogopa. Nimeliandika ili nilione. Halijapungua.

Jumatano, 18 Agosti

Sili. Nimemwaga wino kwenye karatasi tatu tupu. Bi Zuhura ameniuliza kwa sauti ya chini kama nina mimba.

Jumamosi, 21 Agosti

Niandike kwa utaratibu.

Nilipofika Papa Ngoie alikuwa amekwisha kaa. Koti mapajani, karatasi juu ya koti. Bi Zuhura alikuwa amevaa leso mpya kwa ajili ya tukio hili.

"Haya, huyu hapa! Unamjua?"

Papa Ngoie alinitazama. Nikatazama viatu vyake.

"Hapana, mama. Miye niliacha Lubumbashi iko miaka kumi sasa. Huyu alikuwa angali mutoto wa lycée, wa sekondari."

Hakuwahi kumfundisha Espérance. Hakuwahi kumwona. Siku tisa sikula kwa ajili ya mtu asiyemjua dada yangu. Kwa raha nilikaa bila kukaribishwa. Raha yenyewe ilidumu muda wa kumimina vikombe vitatu.

Akasema kazi ni nzuri sana. Ila hapa, baada ya ukurasa wa 61, tumeruka kurasa mbili. Tena tamu kuliko zote! Akaanza kumsimulia Bi Zuhura habari za kile kitabu chenye jina lisilo lake. Mikono yake ilikuwa inapaa. Nadhani kwenye meza ya simu hakuna anayemwuliza mambo haya. Bi Zuhura hakumtazama yeye. Alinitazama mimi.

"Si uliniambia zinarudia?"

Papa Ngoie akahisi hewa imebadilika. "Ni kuchoka, mama. Mutafsiri akichoka, jicho inaruka."

Alinifungulia mlango, maskini, bila kujua ni wa nini. Ningepita. Ningesema ndiyo, nilichoka, na sasa hivi ningekuwa salama.

Nilisema sikuchoka.

Haukuwa ujasiri. Ni woga uliojaa ukamwagika. Papa Ngoie aliondoka na chai yake haijaisha. Nikamweleza Bi Zuhura yote: Tete, diploma, dirisha la afisa. Nilieleza kama mtu anayemsomea mwingine. Aliuliza kitu kimoja tu. Nani alimlilia huyo dada yako?

Hakuna. Tulimzika mimi na wachimbaji wawili, na kesho yake nikapanda lori. Mama yetu yuko kwa mjomba Bukavu na anajua tuko wawili, tuko salama.

"Nenda nyumbani," akasema. Hakutaja jina, hili wala lile.

Jumapili, 22 Agosti

Sikwenda kanisani. Kila kiatu kinachopanda ngazi nadhani ni cha polisi. Mtu wa gesi. Watoto wa ghorofa ya nne. Mtu wa gesi tena. Nimefunga begi. Nimelifungua. Nimelifunga.

Alhamisi, 26 Agosti

Mwanawe alikuja mwenyewe kuniita saluni. Tulitembea, yeye mbele. Nilikuwa naangalia magari yaliyoegeshwa. Kila gari jeupe niliona ndilo.

Juu alikuwapo Bi Zuhura peke yake. Amekasirika. Lakini nilikuwa nimejiandaa kwa hasira nyingine.

"Jina ni shauri lako, wewe na Mola wako na serikali. Kurasa ni zangu! Mimi kipofu wa Kifaransa. Nimekupa mkono unishike, ukanipitisha kando ya shimo, ukaniambia hapa ni tambarare. Wale wasichana Tanga watamlaumu nani? Wewe? Wanakujua wewe?"

Nilijua hofu zangu zote kwa majina yake na hii haikuwamo. Kutwa nilijiogopea mimi. Sikuwahi kuwafikiria wasichana wale.

Akaniwekea kitabu mbele. Ukurasa wa 62. Nikasoma, nikatamka, akanyoosha. Kwa sauti safari hii. Ikafika ile sehemu inayosema kwamba kosa lilipogunduliwa, wasomi hawakukichoma kitabu. Walimrudishia mwenye maneno jina lake, wakaendelea kukisoma. Bi Zuhura alirekebisha kitenzi kimoja tu.

Nilipokuwa natoka akasema, "Wakija kuniuliza, sitasema uongo kwa ajili yako. Ulijue hilo."

Nimelijua.

"Na yule mtoto, dada yako, mumlilie. Si haki."

Jumapili, 5 Septemba

Nilimwambia Mama Solange Jumatano. Kwanza alinifokea mbele ya wateja. "Weye! Mwaka muzima unatukula akili! Tunakuita jina ya maiti na unaitika!" Kisha akakaa chini kwenye nywele zilizokatwa na kulia kuliko mimi. Kisha akauliza naitwa nani. Nikamwambia.

"Eish. Furaha? Na sasa tunatandika magodoro ya kilio?"

Ujumbe umepelekwa Bukavu kwa redio ya parokia. Mama atakuwa ameupata. Siwezi kuandika zaidi juu ya hilo.

Leo baada ya misa walitoa viti, wakatandika magodoro sebuleni. Wanawake wa saluni, jirani Mrundi na mama yake, wengine nisiowajua. Walileta chai na mandazi. Papa Ngoie alikaa mlangoni na wanaume watatu. Bi Zuhura alimtuma mwanawe na sukari. Hakuja mwenyewe.

Kesho ni dirishani. Mama Solange anasema niache tu, wape karatasi, wapige muhuri, nani atajua? Watu wengi wa hapa wanasema vivyo hivyo na hawana ubaya. Lakini siwezi kumlilia leo na kesho kumpanga foleni. Nitawaambia jina langu. Papa Ngoie atakuja kunisemea Kiingereza nikikwama. Hajaniahidi chochote, wala hakuna awezaye kuniahidi. Wanaweza kunipa karatasi nyingine. Wanaweza kunifungia hapohapo.

Mwenye kuongoza sala aliuliza jina la marehemu. Nikalitaja: Espérance. Wakalirudia wote pamoja, polepole, mwisho wa kila ombi. Mwanzoni shingo yangu iligeuka kila walipolitamka, kana kwamba naitwa mimi. Kufikia maombi ya mwisho ilikuwa imetulia.