Picha ya Mikono

Kikula, Likasi, tarehe 9 Februari 2025

Nkambo Alphonsine,

Jambo mingi. Mugongo inaendelea aje? Shee tuko bazima, baba naye alishapona.

Nkambo, na hii furaha siwezi hata kukaa chini. Balinitwaa ku masomo ya picha, ile ya bure ya batoto ba darasa ya sita ya humanités, benye banamaliza sekondari. Likasi yote tuko kumi na mbili tu. Kwa kupata brevet, ile karatasi ya kumaliza masomo, kila mutoto alete picha tano ya muntu mumoja kwenye kazi yake, picha yenye alipiga yeye mwenyewe. Minye nilichagua nyinyi na samaki yenu ya moshi. Bananipa apareyi ya kupiga picha siku mbili, nitafika Samedi, tarehe 15. Barua anabeba Mama Viviane, ule anauzisha samaki ku soko.

Mujukulu wenu, Danielle

Tshangalele, tarehe 12 Februari

Danielle, mukewenza wangu,

Mugongo iko, tulishazoeana. Picha nakubali, lakini na pagne, ile kitenge yangu ya Pasaka, nikikaa ku kiti. Nguo ya masizi, hapana. Kama unaona moshi ni muzuri sana, ingia weye, shika samaki, minye nikupige picha. Tutaona nani atakimbia.

Leta chumvi.

Nkambo yako

Kikula, tarehe 3 Machi

Nkambo,

Muko muzima? Shee tuko muzuri. Nguo yangu bado inanuka moshi, hata mu kanisa bantu banageuka. Asante mulicheka mpaka mukakubali nguo ya kazi.

Lakini kuko shida. Siku ya kupeleka picha, nilikuwa na ine tu ya muzuri, ya tano ilikosa. Nikatia na ile yenye mulinipiga, mulinikata kichwa, ikabakia mikono, masizi na samaki. Maître Hervé, mwalimu wetu, alizani ni mikono yenu. Alisema hakuna picha kama ile mu masomo yote, akaita hata benzake baione. Nilinyamaza. Sasa banasema brevet ya kwanza ni yangu, na minye usingizi inanikatala.

Danielle

Tshangalele, tarehe 7 Machi

Mukewenza,

Leo mugongo inauma juu ya kucheka. Ile picha nakupa, iko yako. Minye niliacha masomo mu mwaka ya ine, brevet nitaitundika wapi? Nyamaza, twaa karatasi yako.

Lakini ni kweli alisema vile? Hakuna kama ile?

Nkambo yako

Kikula, tarehe 22 Aprili

Nkambo,

Pasaka njema, na munisamehe kwa kukawia. Mugongo?

Nilisoma barua yenu mara mingi, zaidi pale mwisho. Nikaenda kwa Maître Hervé, nikamwambia yote. Alifuta jina yangu palepale. Nililia juma muzima. Halafu akaniita, akasema nianze upya, picha yote tano. Nilipiga picha ya tantine Sephora ku mashini yake ya kushona. Nkambo, nilipata brevet. Niko wa mwisho kabisa, lakini ni yangu.

Na ile yenu, alitia ku ukuta wa salle, chumba yetu ya masomo, akaandika chini: «Alphonsine wa Tshangalele njo alipiga.» Bantu batakuja kuona Samedi, tarehe 3 Mai. Mukuje.

Mujukulu wenu, Danielle

Tshangalele, tarehe 25 Aprili

Danielle wangu,

Nimesoma, nikasoma tena. Ulifanya vema kunikatala. Nitakuja, Viviane alishanipatia nafasi mu motoka.

Jana asubui jirani yangu Madeleine alipita na beseni ku kichwa, anacheka, moshi nyuma yake, jua inamupiga ku meno. Nikainua mikono, haiko na kitu ndani. Picha ikapita, na ilikuwa muzuri kushinda ile ya ukuta. Muulize mwalimu wako, ile masomo ya bure ni ya batoto tu?

Nkambo yako