Mtoro wa Eda

Jumatatu, 3 Februari

Ukili tena. Vidole vimechubuka. Mavyaa kasema nisuke, mkono ukishughulika moyo hutulia. Mama wa mume wangu ni mtu mwema, lakini kwa hili ni mwongo. Nimemaliza mkeka mzima na Hamadi bado amekufa.

Nimefagia, nimepika mhogo, nimesali, nimelala, nimeamka. Eda ndiyo hii. Ndani siku zote, bila udi bila mafuta mazuri, na wanawake wanaokuja kunipa pole huku wakiniangalia kama nimekonda. Sijakonda. Hilo nalo limewakera.

Alasiri kaja Faki, mdogo wake marehemu. Ni mtunza bustani kwenye hoteli ya pwani ninayofanyia kazi ya dobi. Hakuingia, na hilo ni sawa, mimi mtu wa eda. Lakini kapitisha bahasha chini ya pazia na kaondoka bila hata kuniuliza nimeamkaje. Si kawaida yake.

Barua ya hoteli. Nimeachishwa kazi. Sababu: utoro.

Utoro. Mimi.

Jumanne, 4 Februari

Sikupata usingizi. Nina hasira mpaka mate yamekauka.

Niandike yalivyokuwa, nisije nikajishuku mwenyewe. Hitima ya siku ya tatu meneja alikuja. Kakaa jamvini na wanaume, kala pilau yetu, Faki kamnawisha mikono. Kisha kasogea mpaka kwenye pazia la chumba nilichokaa, kasema: Bi Mize, pole sana, kaa eda yako, kazi yako ipo. Nikajibu ahsante, Mungu akulipe. Ndani nilikuwa na mavyaa. Nje alikuwa Faki na birika lake.

Basi. Kwetu neno la msibani ni neno. Nani aombe karatasi na muhuri, udongo wa kaburi haujakauka? Mtu kala chakula cha msiba wako, katamka mbele ya watu, imekwisha hiyo. Sikuandika barua ya ruhusa. Sikumtuma mtu ofisini. Nimekaa eda yangu kama nilivyoambiwa.

Sasa ati nimetoweka kazini bila taarifa. Nimepiga pasi mashuka yale tangu hoteli haijaezekwa. Homa nakwenda, mvua nakwenda. Nitoweke niende wapi? Mtu wa eda hata dukani haendi.

Ijumaa, 7 Februari

Jirani yangu Bi Asha ana binti anayefanya kazi kwa wakili, mjini Chake. Kampigia simu kumweleza. Jawabu: huwezi kumfukuza mtu hivyo. Sikuonywa, sikuitwa nijieleze. Nipeleke malalamiko ofisi ya kazi, haki yangu ipo na fidia ipo. Ila malalamiko yana muda wake, na muda ukipita umepita. Eda yangu haitakwisha kabla.

Wa kumtuma sina. Faki angefaa. Faki haonekani.

Mavyaa hataki hata kusikia. "Mkaza mwanangu hatoki eda. Watu watasema nini?"

Watu. Watu hawaninunulii unga.

Ana khofu nyingine na hiyo hasemi. Faki ndiye anayemlisha sasa. Nikigombana na hoteli, hoteli itamgeukia Faki. Naielewa khofu yake. Lakini mimi je, nani anielewe? Kazi imekwenda, mume kaenda, na jina juu yake. Nani ataniajiri na barua inayosema mtoro?

Jumatatu, 10 Februari

Nimemtuma Bi Asha kwa Shehe wa msikiti wetu. Karudi na jawabu: mjane hutoka mchana kwa haja ya lazima, mradi usiku umkute nyumbani kwake. Riziki ni haja. Nimemwambia Bi Asha ayarudie mbele ya mavyaa. Kayarudia neno kwa neno.

Mavyaa kasema Shehe yule kijana, hajui mambo.

Shehe ana wajukuu.

Jumatano, 12 Februari

Nimekwenda.

Gari ya kwanza ya kutoka Kengeja, mimi na Bi Asha, nimejifunika gubigubi. Mwanamke mmoja kaniinamia kaniuliza, huyu si mjane wa Hamadi? Bi Asha kamwambia ndiye, una cha kumpa? Kageukia dirisha mpaka Chake.

Afisa kazi ni msichana, mpole, ana macho ya kuchoka. Kanisikiliza. Kaandika. Kaniuliza kama nina maandishi yoyote ya ruhusa. Sina. Shahidi? Nikamtajia mavyaa na shemeji. Kaniuliza watakuja? Nikasema watakuja.

Nimesema tu. Sijui kama watakuja.

Adhuhuri nilikuwa nimesharudi. Nimetoa salamu mara mbili, mavyaa hakuitikia. Kapika chakula cha mtu mmoja. Nimekula mhogo wa jana.

Alhamisi, 6 Machi

Tulikuwa na kikao cha usuluhishi leo. Funga imenikausha, na maneno ya mtu yule yamenikausha zaidi.

Meneja kakiri kuja hitimani. Kakiri na pilau. Kisha kasema alitoa pole tu, hakuzungumza kazi, msibani si pahala pa kuzungumza kazi. Sauti laini, kama mtu anayemhurumia mgonjwa. Kisha kaniuliza mimi, mbele ya afisa: huyo unayesema kakwambia maneno hayo, ulimwona uso?

Sikumwona. Nilikuwa nyuma ya pazia. Mimi mjane, nimwoneje?

Kumbe staha yangu ndiyo kageuza silaha yake. Nikasema sauti yake naijua, imeniita kunituma miaka. Kacheka kidogo. Afisa kaniuliza mashahidi wako wapi. Nikatazama mlango kama mjinga.

Hatukusuluhishwa. Kesi inasikilizwa baada ya Idi.

Nimerudi nikamuuliza mavyaa waziwazi. Mama, uliisikia au hukuisikia? Kasema masikio yake ya kizee. Masikio hayo husikia kuku wa jirani akiingia jikoni.

Jumamosi, 15 Machi

Faki kaja wakati wa futari. Kafuturu barazani, mama yake kampelekea uji na tambi. Kisha kaniita kwenye pazia. Ana karatasi kutoka hotelini. Nitie saini kuwa nimeacha kazi kwa hiari yangu, nami nitapewa kitu kidogo cha kunishika mkono. Kasema ni vizuri kwa wote, shemeji.

Kwa wote wepi?

Nikamuuliza, wewe ulikuwa umeshika birika, ulisikia nini? Kaisukuma karatasi chini ya pazia. Nikamwambia kaka yako angekuwa hai angekuonea haya. Nikaisukuma karatasi ilipotokea, haina saini.

Nimesema neno zito, najua. Silirudishi. Mwanamume mzima anatumwa karatasi kwa mjane wa nduguye mwezi wa Ramadhani.

Jumatatu, 31 Machi

Idi. Sina nguo mpya, wala sitakiwi kuwa nayo. Mavyaa kaniwekea bakuli la tambi za sukari mlangoni pa chumba, kaenda zake. Nimekula zote nikalia. Hamadi alikuwa akipenda zilizogandia chini ya sufuria.

Jumanne, 15 Aprili

Bi Asha kaniletea habari. Kesho hoteli inaleta shahidi. Shahidi ni Faki.

Kwa hiyo haitoshi kuwa sina shahidi, mtu wa nyumba yangu ndiye anakwenda kunizika. Mavyaa alijua. Nimemwona usoni kuwa alijua. Sitaki kuandika zaidi leo.

Jumatano, 16 Aprili

Mvua tangu alfajiri. Nimefika buibui limelowa mpaka magotini.

Faki kavaa kanzu ya Idi. Kakaa upande wa meneja. Hakunitazama, nami sikumtazama. Meneja kasema yake yaleyale, safari hii kwa kirefu, na pilau hakuitaja.

Kisha kaitwa Faki. Kapewa Msahafu, kaapa. Kaulizwa: siku ile ya hitima ulikuwepo meneja alipozungumza na mlalamikaji? Nilikuwepo. Alisema nini?

Kautazama Msahafu alioapia.

"Nilikuwa namnawisha mikono," kasema. "Alisogea kwenye pazia huku anajipangusa. Alisema kaa eda yako, kazi yako ipo. Nimesikia kwa masikio yangu."

Meneja kamgeukia kama kaumwa na nge. Afisa kamuuliza Faki kama ana uhakika. Kasema amekula kiapo, na yule aliyekufa ni kaka yake.

Sikulia pale. Nimelia garini, chini ya ukaya wangu wa kichwani, Bi Asha kanishika goti. Yale niliyoyasema mwezi wa Ramadhani nimeyasema, siwezi kuyafuta. Namshukuru hata hivyo. Namshukuru sana.

Alhamisi, 17 Aprili

Mavyaa kaja kusimama mlangoni. Hajaja mwenyewe kunisemesha tangu Februari. Kasema maneno haya tu: "Mmoja kachukuliwa na Mungu. Huyu wa pili umemchukua wewe."

Akaondoka. Mimi sikumwita Faki, walimwita wao. Lakini mama mwenye mtoto mmoja aliyebaki huwezi kumtolea hoja.

Jumatatu, 12 Mei

Eda imekwisha. Bi Asha kaniogesha kwa maji ya asumini, kanipaka mafuta, kanivika kanga mpya. Nimejiangalia kwenye kioo nikaona mtu mzee kidogo, lakini ni mimi.

Na uamuzi umetoka. Binti wa Bi Asha kausoma kwenye simu, mimi nikamwambia asome tena. Nimeachishwa kinyume cha sheria. Neno la utoro limeondolewa. Hoteli inilipe fidia, na notisi yangu, na likizo zangu nilizokuwa sijala. Kazini sirudi. Kusema kweli sitaki kurudi, nikamwone yule mtu kila asubuhi akinywa kahawa.

Nilidhani nitafurahi zaidi. Nimefurahi, lakini si kama nilivyodhani. Nimepika wali wa nazi na samaki changu. Mavyaa kala. Hakuupongeza, lakini kaomba ukoko.

Jumanne, 17 Juni

Masika yamekwisha, hoteli iliyokuwa imefungwa kwa mvua imefunguliwa. Watunza bustani wote wameitwa ila Faki. Kaambiwa bustani imepunguzwa. Majirani wanasema kuna mtu mgeni anamwagilia miche ileile aliyoipanda yeye.

Faki hakulalamika. Wiki nzima alikuwa akikaa barazani kwa mama yake akichonga mpini wa jembe. Mimi nilikuwa nikipita kwa aibu. Kazi yake imekwenda kwa ajili ya neno lake, na neno lenyewe lilikuwa langu.

Jana mavyaa kanikuta nafua. Kasimama, kaniangalia nikikamua nguo. Kasema: "Mpeleke ndugu yako Chake. Wewe njia unaijua."

Leo asubuhi tulipotoka mimi na Faki, tukamkuta mavyaa kashafika barabarani kabla yetu, kavaa buibui la harusini, kakasirika kuwa tumechelewa.

Ofisini afisa kaniona kaniuliza, Bi Mize, tena? Nikamwambia leo si mimi. Faki akaanza kueleza, akababaika, akataka kuinuka. Mavyaa kamvuta kanzu akae. Kisha kamwambia yule msichana:

"Andika, mwanangu. Sauti ile ya meneja niliisikia na mimi. Nilikuwa ndani ya pazia."

Afisa kaandika.

Bado nimemkasirikia mavyaa kidogo. Nauli ya kurudi nimemlipia mimi. Njiani amelala, kichwa begani kwangu, na mimi sikujisogeza.